Konzi ya Sukari Guru na Mfadhili Mwenye Subira

Mwaka 1980, wanawake waliokuwa wamepewa mafunzo mafupi walianza kupita mlango kwa mlango katika vijiji vya Bangladesh. Hawakubeba sindano wala chupa za dawa. Kila mmoja aliketi uani na mama wa nyumba kwa muda usiofika saa moja, akamfundisha jambo moja tu: namna ya kutengeneza maji ya kumnywesha mtoto anayeharisha. Chumvi ibanwe kwa vidole vitatu, sukari guru iwe konzi moja, na maji yawe nusu seri, kipimo cha kule kinachokaribia nusu lita. Mama alichanganya mwenyewe, akaonja mwenyewe, na chombo chake kikatiwa alama ili siku ya haja asikosee maji. Kisha mwalimu aliaga, akabisha hodi nyumba ya pili.

Kazi hiyo iliendelea kwa muda wa miaka 10. Ilipokoma mwaka 1990, nyumba zipatazo milioni 12 zilikuwa zimekwisha kufikiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, zaidi ya mtoto mmoja kati ya kila watano waliozaliwa nchini humo alifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Siku hizi wanaofariki hawafiki 35 katika kila 1,000. Si maji ya chumvi peke yake yaliyoleta badiliko hilo, kwani chanjo, shule za wasichana na uzazi wa mpango vyote vina sehemu yake. Lakini hakuna tabibu anayeijua Bangladesh atakayeiacha konzi ile ya sukari guru nje ya hesabu.

Habari za wanawake hao zimesimuliwa mara nyingi. Husimuliwa kwa nadra upande wa pili wa jambo lenyewe: ni nani aliyelipa mishahara yao kwa miaka 10 mfululizo, na alijizuiaje asiikatize kazi hiyo katika mwaka wake wa pili, wakati hesabu zilipoonyesha kwamba karibu yote yaliyofanywa yalikuwa bure? Kwa vyama vya akina mama makambini na katika makazi ya polisi, ambavyo kila mara hutembelewa na wageni wenye ahadi na kamera, upande huo wa pili ndio wenye mafunzo zaidi.

FEDHA ZA NYUMBA ILIYOUZWA

Chama kilichowatuma wanawake hao kinaitwa BRAC. Mwasisi wake, Fazle Hasan Abed, alisomea uhasibu mjini London, na mwaka 1970 alikuwa mtumishi wa kampuni ya mafuta ya Shell katika bandari ya Chittagong. Mwezi wa Novemba mwaka huo tufani kubwa iliipiga pwani ya nchi yake na kuua watu wapatao laki tatu au zaidi. Mwaka uliofuata vilizuka vita vya kujitenga na Pakistani. Mamilioni ya watu walikimbilia India. Vita vilipokwisha, Abed aliuza nyumba yake ya London, akarudi, na mapema mwaka 1972 akaanza kuwahudumia wakimbizi waliokuwa wakirejea Sulla, wilaya ya mabwawa na wavuvi iliyo kaskazini mashariki ya nchi. Nyumba zilikuwa zimechomwa moto na mashua zimepotea.

Fedha za nyumba moja hazijengi wilaya. Baada ya muda mfupi shirika la Oxfam la Uingereza lilitoa karibu pauni 200,000. Mkuu wa Oxfam mjini Dhaka wakati huo alikuwa Mkanada, Raymond Cournoyer, ambaye aliwahi kuishi na kufundisha katika nchi hiyo kabla ya vita. Hilo si jambo dogo. Mfadhili aliyekaa na watu kabla ya kuwa na fedha za kuwapa huwa na macho mengine. Anajua ni kipi kinachosemwa kwa ajili ya mgeni na ni kipi kinachosemwa mgeni akiisha kuondoka. Fedha nyingi namna ile zilikabidhiwa chama ambacho hakikuwa hata na umri wa mwaka mmoja, na ambacho sifa yake kubwa ilikuwa kwamba kiongozi wake alianza kwa kutoa chake.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya ujenzi, na ilikwenda vyema. Maelfu ya nyumba yalisimamishwa na mashua za uvuvi zikachongwa. Laiti habari ingaliishia hapo, ingalikuwa habari ya misaada kama nyingine nyingi: picha zimepigwa, ripoti imeandikwa, mfadhili amefunga jalada. Lakini watu wa Sulla walibaki maskini ndani ya nyumba mpya.

DARASA LILILOKIMBIWA

BRAC ikaamua kubaki, na Oxfam ikaamua kubaki nayo. Katika awamu ya pili yalianzishwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, kwa imani kwamba anayejua kusoma ataweza kujikwamua. Watu walijiandikisha kwa wingi. Baada ya miezi michache viti vilikuwa vitupu. Vitabu vilivyotumika havikuhusu maisha ya mvuvi wala ya kibarua wa shamba, na mtu aliyeshinda juani akilima shamba la mwenziwe haendi darasani jioni kusoma habari zisizomgusa.

Mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha kisomo cha watu wazima anaijua aibu ya darasa la namna hiyo. Na chama chochote kinachoishi kwa fedha za watu kinajua kishawishi kinachofuata: kuandika katika ripoti idadi ya walioandikishwa na kunyamaza juu ya waliohitimu. BRAC haikunyamaza. Ilikiri kwamba madarasa yameshindwa, ikavitupa vitabu vile, ikatunga vyake yenyewe kutokana na maneno na shida za wanavijiji. Mwaka 1975 ikaunda idara yake ya utafiti, ambayo kazi yake ilikuwa kuchunguza kama shughuli za chama zinafaa kitu, na kusema pale zisipofaa.

Mambo mawili yalikutana hapo, nayo hayapasi kutenganishwa. Aliyepewa fedha alikuwa na ujasiri wa kusema kweli. Aliyetoa fedha hakumwadhibu kwa kuisema. Likikosekana la pili, la kwanza halidumu. Chama kilichokatiwa msaada kwa sababu ya ripoti moja ya kweli hakitaandika ya pili. Wafadhili wengi hulalamika kwamba wanadanganywa na vyama wanavyovisaidia. Wachache hujiuliza ni nani aliyevifundisha uongo huo.

ALAMA ZA AKINA MAMA

Mwaka 1979 ulitangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa Mwaka wa Mtoto. BRAC ilitaka kuwafanyia watoto jambo kubwa. Chanjo zilihitaji majokofu, na vijijini hakukuwa na umeme. Kwa hiyo kilichochaguliwa ni kuharisha, ugonjwa ambao huua kwa kuukausha mwili maji na chumvi zake. Watafiti wa maabara ya kipindupindu mjini Dhaka walikuwa wamekwisha kuthibitisha kwamba maji yenye chumvi na sukari, yakinywewa kwa kipimo, humwokoa mgonjwa ambaye hapo awali angalihitaji kutundikiwa chupa mshipani. Tatizo lilikuwa kuufikisha ujuzi huo jikoni, kwa mama asiyejua kusoma. Majaribio yakafanywa Sulla. Kisha, kwa fedha za Oxfam na za mashirika ya misaada ya Uswisi na Sweden, kazi ikapanuliwa nchi nzima.

Malipo ya wafanyakazi yalipangwa kwa namna ya pekee. Hawakulipwa kwa idadi ya nyumba walizozitembelea. Majuma kadhaa baada ya somo, msimamizi mwingine alirudi kwa baadhi ya akina mama waliochaguliwa bila kujuana, akawauliza maswali, akawataka watengeneze maji yale mbele yake. Mama alipewa alama. Alama zikiwa nzuri, mwalimu wake alilipwa vizuri. Mama akiwa amesahau kabisa, mwalimu hakulipwa chochote kwa nyumba ile. Sampuli za maji nazo zilipelekwa maabara kupimwa chumvi. Ikaonekana kwamba akina mama walikumbuka vizuri sana.

Kisha likaja swali la kuudhi zaidi. Je, wanayatumia? Wachunguzi walipouliza mtoto alipewa nini alipoharisha mara ya mwisho, waligundua kwamba waliomnywesha maji yale hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Miezi mingi ya kazi na fedha nyingi za watu wa Ulaya zilikuwa zimezaa somo lililokumbukwa na kila mtu na kutumiwa na karibu hakuna.

Hapo ndipo mfadhili hupimwa. Angeliweza kusema, na asingelaumiwa na mtu, kwamba mpango umeshindwa na fedha zilizobaki zirudi. Badala yake BRAC ilipewa nafasi ya kutafuta sababu. Nayo ilipatikana mahali pasipotarajiwa: walimu wenyewe hawakuamini walichokifundisha. Walipoharisha wao, walitafuta vidonge. Basi wakapelekwa Dhaka, wakaelezwa na wataalamu jinsi maji na chumvi vinavyopita katika utumbo, wakaonyeshwa wagonjwa wakipona. Walipofundisha tena vijijini, walikunywa maji yale wao kwanza, mbele ya akina mama. Likagunduliwa la pili: wanaume walikuwa wameachwa nje. Mume anayeona mkewe akimnywesha mtoto mgonjwa maji ya chumvi, naye hajaambiwa lolote, atamkataza. Wakatumwa wanaume wazungumze na wanaume, sokoni na misikitini, na watoto wakafundishwa shuleni. Matumizi yakaanza kupanda.

Mpango wa mwaka mmoja usingalifika hapo. Hata wa miaka miwili usingalifika. Mwaka wa kwanza ulifundisha namna ya kufundisha, wa pili ukafichua kosa, na matunda yakaja baadaye. Aghalabu misaada hupimwa kwa mwaka wa fedha wa yule anayetoa, nao hauna uhusiano wowote na muda unaotakiwa ili mama wa kijijini abadilishe jambo alilorithi kwa bibi yake.

MEZA MOJA, RIPOTI MOJA

BRAC ilipokuwa kubwa, shida ikageuka. Wafadhili hawakuwa haba tena, walizidi. Kila mmoja alikuja na fomu zake, mkaguzi wake, tarehe zake, na mgeni wake wa kuzungushwa vijijini. Chama kinachosaidiwa na wafadhili kumi huweza kujikuta kikiandika ripoti kumi juu ya ng'ombe yule yule. Maofisa bora huondolewa kazini vijijini wakakalishwa ofisini kuandika.

Mnamo mwaka 1990 wafadhili wa mpango mkubwa wa vijijini walikubali kuungana. Miongoni mwao walikuwamo Novib ya Uholanzi, Ford Foundation ya Marekani, na Aga Khan Foundation, jina lisilo geni kwa wakazi wa Afrika Mashariki. Walikubaliana juu ya andiko moja la mpango, bajeti moja, ripoti moja na ukaguzi mmoja wa hesabu. Ikafunguliwa Dhaka ofisi ndogo ya kuwaunganisha. Mwaka 2011 Uingereza na Australia zilikwenda mbali zaidi. Zilitia sahihi mkataba wa ubia wa miaka mitano ambao haukufunga fedha kwenye mradi mmoja mmoja bali uliusaidia mpango wote wa BRAC, kwa masharti ya matokeo yaliyokubaliwa na pande zote. Mkataba huo ulifanywa upya mwaka 2016.

Isidhaniwe kwamba ubia huu ulikuwa ulegevu. Abed alikuwa mhasibu kabla ya kuwa mtu wa huruma, na hesabu za BRAC zilikaguliwa ndani na nje. Fedha zisizofungwa kwenye mradi mmoja huhitaji vitabu vilivyo safi zaidi, kwa kuwa mfadhili hana kisima wala darasa la kulielekeza kidole na kusema, hiki ndicho changu. Chama kisichojua leo asubuhi kina shilingi ngapi kisitegemee kuaminiwa namna hiyo, hata kikiwa na viongozi wenye nia njema kiasi gani.

Wala isidhaniwe kwamba ubia hudumu milele. Awamu ya pili ya mkataba ule ilifikia kikomo mwaka 2021, mwaka ule ule ambao Uingereza ilipunguza misaada yake ya nje kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi asilimia 0.5. BRAC haikuanguka. Tangu mwaka 1978 ilikuwa na duka lake la kazi za mikono, Aarong, na kabla ya hapo kiwanda cha uchapaji. Baadaye ikawa na biashara nyinginezo, na pato lake yenyewe likaja kuwa sehemu kubwa ya bajeti. Wafadhili wake wa awali walistahimili kuona fedha zikitumika kuanzisha shughuli hizo, ambazo hazina mtoto wa kupigwa picha. Tofauti ilionekana tena mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake mwezi wa Januari na shirika lake la USAID kufungwa rasmi tarehe 1 Julai. Katika nchi nyingi, Uganda ikiwamo, vyama vilivyokuwa vikitegemea mlango huo mmoja viliachisha watumishi kazi katika muda wa majuma machache.

NG'AMBO YA BAHARI

Mwaka 2006 BRAC ilivuka bahari na kuanza kazi Uganda na Tanzania. Watu wengi huijua kwa mikopo midogo, na tawi lake la mikopo la Uganda liligeuka kuwa benki mwaka 2019. Lakini kazi iliyochunguzwa kwa makini zaidi ni vilabu vya wasichana vilivyoanzishwa Uganda mwaka 2008. Wasichana hukutana mchana katika chumba kilichotengwa kwa ajili yao, chini ya dada aliyewazidi umri kidogo. Hucheza, hufundishwa habari za miili yao, na hujifunza kazi ya kuwapatia fedha. Watafiti waliorudi baada ya miaka minne waliona kwamba katika vijiji vyenye vilabu hivyo mimba za wasichana zilikuwa zimepungua kwa karibu theluthi moja.

Vilabu vya namna ile ile vilipelekwa Tanzania, na watafiti hawakuona badiliko la maana. Wasichana wa Tanzania si wazito kuliko wa Uganda. Uchunguzi ulitaja uhaba wa rasilimali katika utekelezaji. Anayependa kuamini kwamba wazo zuri hujitembeza lenyewe na ausome mfano huo mara mbili. Klabu isiyo na chumba, na dada asiye na vifaa, ni jina tu.

Makambini nako yako majina ya namna hiyo. Mgeni huja na cherehani kumi, bango lenye jina lake, na hotuba. Wake wa askari hushona sare za shule kwa miezi minne. Sindano huvunjika, mkanda hukatika, na hakuna aliyeuliza fedha za kutengeneza zitatoka wapi. Baada ya hapo mume huhamishwa kikosi na mweka hazina wa chama huondoka naye, pamoja na daftari. Mgeni akirudi mwaka wa pili na kukuta cherehani chini ya turubai, husema kwamba wanawake wale ni wavivu. Chama kinachojua tabia ya maisha ya kambini kingemweleza siku ya kwanza kwamba wanachama wake huhama, kwa hiyo panatakiwa kila mwaka fedha kidogo za kuwafunza wapya na watunza hesabu wawili badala ya mmoja. Lakini ni nadra chama kuulizwa. Na kikiulizwa, aghalabu huogopa kusema, kisije kikaonekana kuchagua zawadi.

Maji ya Sulla yenyewe yanafaa kila nyumba, na sukari guru inayochemshwa Busoga ni ndugu wa ile ya Bangladesh. Hata jina la guru asili yake ni Bara Hindi. Siku hizi, pakiti za chumvi ya kuharisha zinapopatikana zahanati ndizo bora, pamoja na vidonge vya zinki ambavyo mtoto hupewa kwa siku 10 hadi 14 kadiri mhudumu anavyoelekeza. Pasipo na pakiti, chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, utie vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, ukoroge mpaka viyeyuke. Chumvi isizidi, maana ikizidi hudhuru. Maji yakionjwa yasiwe na chumvi kuliko machozi. Mtoto anyweshwe kidogo kidogo kila baada ya kuharisha, na akitapika asubiriwe dakika kumi, kisha aanzwe tena polepole. Anyonyeshwe na kulishwa kama kawaida. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe, yatengenezwe mapya. Mtoto anayeharisha damu, aliyelegea, mwenye macho yaliyodidimia, au asiyeweza kunywa, apelekwe zahanati saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku.